Msimbo Ni Wako, Mazungumzo Ni ya Nani?

Julai 2019 watengenezaji programu wa Irani, Syria na Crimea waliingia kwenye akaunti zao za GitHub wakakuta maghala yao ya faragha hayafunguki. Hawakuwa wamevunja kanuni yoyote ya uandishi wa programu. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, ni kampuni ya Marekani, mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imenunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 7.5, na vikwazo vya biashara vya Marekani vinaibana kama vinavyozibana benki za huko. Maghala ya hadharani yaliachwa wazi. Ya faragha na huduma za kulipia zikakatwa. Wairani walirudishiwa huduma Januari 2021, baada ya GitHub kupata kibali maalumu cha serikali yake.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha siasa. Kwa fundi kina funzo jingine, kwa sababu wengi wa watu wale msimbo wao haukupotea. Walikuwa nao kwenye kompyuta zao. Kilichofungiwa ndani ni kila kitu kilichouzunguka.

Sababu ni Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo GitHub imejengwa juu yake. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika Aprili 2005, baada ya mmiliki wa BitKeeper, programu iliyokuwa ikitunza msimbo wa Linux, kuondoa ruhusa ya kuitumia bure. Aliijenga Git kwa namna ambayo haimhitaji mwenye duka katikati. Ukinakili ghala la mradi, hupati toleo la leo peke yake. Unapata kila badiliko tangu siku ya kwanza, nani aliliandika na lini. Seva ikiungua, kompyuta ya mshiriki mmoja inatosha kuufufua mradi mzima. Kwa miaka ya mwanzo mabadiliko yalitumwa kwa barua pepe, na watu wa Linux bado wanafanya hivyo hadi leo.

Kisha mwaka 2008 ikaja GitHub na kurahisisha mambo. Ripoti ya hitilafu inaandikwa kwa kujaza fomu. Ombi la kuingiza mabadiliko linatumwa kwa kitufe, mtu anatoa maoni chini ya mstari husika, anajibiwa, wanabishana, wanakubaliana. Yote hayo yanakaa kwenye hifadhidata ya kampuni, nje ya Git. Aliyewahi kurithi mradi wa mtu mwingine anajua uzito wa jambo hili. Msimbo unakuonyesha mstari unafanya nini. Sababu ya mstari huo kuwapo, na kwa nini njia iliyoonekana rahisi ilikataliwa, imeandikwa kwenye mjadala namba 412, na mjadala huo haumo kwenye nakala uliyoichukua. Tulipewa chombo kisicho na kitovu, tukakijengea kitovu wenyewe kwa sababu kilikuwa na sura nzuri.

Mitandao ya kijamii ilifika hapohapo kwa njia nyingine, na dawa inayojaribiwa kwa pande zote mbili ni moja: programu huria zinazoendeshwa na watu tofauti kwenye seva tofauti, lakini zinazungumza lugha moja. Mpangilio huo huitwa shirikisho.

Lugha hiyo inaitwa ActivityPub. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha Januari 2018, na Christine Lemmer-Webber na Evan Prodromou ni miongoni mwa walioiandika. Haikuzuka hewani. Prodromou alikuwa amefungua identi.ca, mtandao wa ujumbe mfupi, huko Montreal tangu 2008, akapitia itifaki mbili tatu kabla ya hii. Programu iliyoipa umaarufu ni Mastodon, ambayo Mjerumani Eugen Rochko aliitoa mwaka 2016. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022, watumiaji hai wa Mastodon kwa mwezi walipanda kutoka laki 3 hadi milioni 2.5 katika muda wa wiki chache. Wengi waliondoka baadaye. Waliobaki wanatosha.

Inafanyaje kazi? Tuseme Asha ana akaunti kwenye seva ya chuo chake na Juma yuko kwenye seva ya kikundi cha wapiga picha. Anuani ya Asha ina sehemu mbili, jina lake na kikoa cha seva yake, kama barua pepe. Juma akibonyeza kumfuata, seva yake inabisha hodi kwa seva ya Asha kwenye njia inayojulikana na wote, inauliza kama mtu huyo yupo, na inaelekezwa kwenye waraka wake mfupi. Ndani ya waraka huo kuna mambo mawili ya msingi: anuani ya kisanduku cha barua cha Asha na ufunguo wake wa umma. Seva ya Juma inatuma ombi la kufuata kwenye kisanduku hicho, likiwa limetiwa saini kwa ufunguo wa siri wa Juma. Seva ya Asha inachukua ufunguo wa umma wa Juma, inahakiki saini, kisha inajibu kuwa ombi limekubaliwa. Kuanzia hapo kila Asha anapoandika, seva yake inapeleka nakala kwenye kisanduku cha Juma. Hakuna kampuni katikati inayoamua Juma aone nini kwanza.

Angalia neno nakala. Andiko la Asha sasa liko kwenye seva mbili, na kama ana wafuasi kwenye seva mia, liko kwenye seva mia. Akilifuta, seva yake inatuma ombi la kufuta kwa wote. Seva zenye nidhamu hutii. Iliyochezewa makusudi inaweza kulibakiza. Ujumbe wa faragha nao haujafungwa kwa usimbaji kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo msimamizi wa seva ya kila upande ana uwezo wa kuusoma. Haya yanapaswa kuandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, na mara nyingi hayaandikwi.

Tukirudi kwenye msimbo, wapo wanaotaka ripoti za hitilafu na mijadala isafiri namna hiyohiyo. Kuna nyongeza ya ActivityPub inayoitwa ForgeFed. Wazo lake ni kwamba ghala la msimbo lenyewe linakuwa na kisanduku cha barua, sawa na mtu. Nikiwa na akaunti kwenye seva yangu ndogo, ninaweza kupeleka ripoti ya hitilafu kwenye mradi ulio seva ya mbali bila kufungua akaunti ya kumi na moja huko. Nakala ya mazungumzo inabaki na pande zote.

Programu ya kuendeshea maghala ya Git inayobeba tumaini hilo kwa sasa ni Forgejo, na ilivyozaliwa ni somo. Mwaka 2016 kundi la wachangiaji lilijitenga na mradi wa Gogs, programu ya aina hiyohiyo, kwa kuwa maamuzi yote yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja, wakaanzisha Gitea. Oktoba 2022 wachangiaji wa Gitea wakasikia kuwa jina la mradi na vikoa vyake vimehamishiwa kampuni ya biashara. Wengine walilalamika, kisha mwisho wa mwaka huohuo wakatoa Forgejo, wakaiweka chini ya chama kisicho cha faida cha Berlin, Codeberg, kilichoundwa 2018 na ambacho wanachama wake wanapiga kura. Mwaka 2024 Forgejo ilikata kamba na Gitea moja kwa moja, ikachukua leseni ya GPL ili mtu asije akaifungia tena. Mradi wa Fedora ulitangaza mwisho wa 2024 kuwa utahamia Forgejo, na Novemba 2025 watengenezaji wa lugha ya Zig waliondoka GitHub wakaenda kwenye seva ya Codeberg.

Sasa tuseme ukweli kuhusu shirikisho lenyewe. Upande wa Forgejo kazi bado ni changa. Mojawapo ya hatua za awali ilikuwa kuwezesha kuliwekea nyota ghala lililo kwenye seva nyingine. Nyota! Kutuma ombi la kuingiza mabadiliko kutoka seva moja hadi nyingine, jambo ambalo ndilo kiini, bado si kitu cha kukitegemea kazini. Wanaoitangaza Forgejo kama mtandao uliokamilika wanaiharibia sifa. Inastahili kusifiwa kwa sababu nyingine: ni rahisi kuendeshea ghala lako mwenyewe, na milango ya kutokea imeachwa wazi.

Milango ya kutokea ndiyo inayonishughulisha zaidi. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hali hii kupitia simu. Kabla ya mwaka 2014 kutuma pesa Tanzania kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa na mizunguko. Kampuni zilipokubaliana, ikawa kawaida. Lakini kuhama mtandao na namba yako kulisubiri hadi 2017, na Kenya walikuwa wameanza 2011. Mitandao ya shirikisho imevuka hatua ya kwanza na haijavuka ya pili. Kwenye Mastodon unaweza kuhama seva na wafuasi wako wakahamishwa nawe, ila anuani yako inabadilika na maandiko yako ya zamani yanabaki ulikotoka. Namba haiendi nawe.

Na namba hiyo ni kikoa, na kikoa kina mwenyewe. Februari 2024 seva ya Mastodon iliyoitwa queer.af ilizimika kwa sababu herufi za mwisho za anuani yake ni za Afghanistan, na Taliban walikisimamisha kikoa hicho. Julai 2023 jumuiya moja iliyotumia Lemmy, programu ya mijadala inayozungumza ActivityPub, ilipoteza anuani yake ya .ml pale Mali ilipochukua tena usimamizi wa vikoa vyake. Seva zilikuwa nzima, data ilikuwapo, lakini kila mfuasi alikuwa ameelekezwa kwenye jina ambalo halipo tena. Anayechagua kikoa kwa kuwa ni cha bure au kina herufi za kupendeza ajiulize kwanza ni serikali ipi inayokishika.

Kuna hofu nyingine ambayo watu huiuliza mapema: kama kila mtu anaweza kuendesha seva, nani atawazuia wachochezi? Jibu la kweli ni kwamba hakuna anayeweza kuwanyima programu. Mwaka 2019 Gab, mtandao unaopendwa na wabaguzi wa rangi wa Marekani, ulihamia kwenye msimbo wa Mastodon, na leseni iliwaruhusu. Kilichofuata ni kwamba seva nyingi ziliufungia mlango, ukabaki ukizungumza peke yake. Mwaka 2021 Truth Social ya Donald Trump ilijengwa kwa msimbo huohuo bila kuuweka wazi kama leseni ya AGPL inavyodai, ikaandikiwa barua na Mastodon, nayo ikachapisha. Leseni inalinda msimbo. Watu wanajilinda kwa kuamua wanapokea barua za nani. Kwetu hii ina faida ambayo haizungumzwi vya kutosha. Seva inayosimamiwa na mtu anayekijua Kiswahili itatambua tusi lililofichwa ndani ya fumbo, na itatofautisha mzaha wa watani na uchochezi. Mashine ya kampuni ya mbali haitambui.

Lakini usianzishe seva yako kwa furaha ya siku moja. Gharama inayowashangaza wengi ni nafasi ya diski, kwa sababu seva yako inahifadhi pia picha za watu wote mnaowafuata, hata kama mko wanane. Weka muda wa picha za nje kufutwa zenyewe. Andaa nakala za akiba mahali pengine, na uhakikishe umewahi kuzirejesha. Ukiwa Tanzania, soma Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni na masharti ya leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kabla ya kuwakaribisha watu. Ukiwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu mara unapohifadhi barua pepe ya mtu. Na amua mapema nani atashika funguo siku usipokuwapo. Seva nyingi ndogo hufungwa kwa sababu msimamizi wake mmoja alichoka.

Kwa mwenye mradi wa programu huria njia ni fupi zaidi. Huhitaji kuihama GitHub leo. Wachangiaji wako wako huko na kuwapoteza ni hasara halisi. Unachohitaji ni nakala ya mazungumzo. Fungua akaunti Codeberg, au Forgejo kwenye seva yako, kisha chagua kuhamisha ghala. Utabandika anuani ya mradi na ufunguo wa ruhusa, nayo itavuta msimbo pamoja na ripoti za hitilafu, lebo, maoni na maombi ya mabadiliko. Anza na mradi mdogo, uone mijadala ilivyofika, halafu fanya hivyo kwa ule unaokulisha.