Kusoma katika Kila Somo: Wajibu wa Mwalimu na Wajibu wa Mtaalamu wa Lugha

Kitenzi "soma" katika lugha yetu kina maana mbili zilizofungamana. Mtu husoma barua, na mtu husoma Hisabati. Maana ya kwanza ni kuyafuata maandishi, na ya pili ni kujipatia elimu. Lakini katika shule maana hizi zimetenganishwa. Kusoma maandishi kumeachiwa mwalimu wa Kiswahili, tena aghalabu katika madarasa ya chini tu, na kusoma elimu kumegawanywa baina ya walimu wengine. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba mgawanyo huo una hasara, na kwamba sisi wachunguzi wa lugha tunayo sehemu yetu katika kuurekebisha.

Katika Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967, isipokuwa katika shule chache zinazotumia Kiingereza. Mwaka 2015 ulianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Hatua hiyo ni njema. Lakini yafaa tujiulize: je, mtoto aliyekwisha kujua kusoma hadithi amejua pia kusoma kitabu cha Sayansi?

Jibu twalipata katika sarufi yenyewe. Hadithi huenda kwa kiambishi -li- na -ka-: mtu aliondoka, akaenda, akafika. Msomaji hufuata matendo kwa utaratibu wa wakati. Maandishi ya Sayansi hayaendi hivyo. Hutumia hu- ya kanuni, na -ki- ya masharti: "Maji yakipashwa moto katika kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari, huchemka yafikapo nyuzi 100 za Selsiasi." Mtoto aliyezoea hadithi huyashika maji, moto na 100, akayaacha maneno ya "usawa wa bahari" kama pambo. Kumbe sharti limo humo. Huko juu mlimani Kilimanjaro maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, na aliyeliacha sharti hataelewa kwa nini.

Maneno nayo hubadilika somo kwa somo. Twasema barafu huyeyuka, na twasema sukari huyeyuka katika chai. Nyumbani kitenzi hicho kimoja chatosha, lakini mwanasayansi aona mambo mawili: barafu ni kitu kimoja kilichogeuka hali kwa joto, na sukari ni kitu kilichochanganyika na kingine hata vikawa mmumunyo. Mwanafunzi asiyeonyeshwa tofauti hiyo husoma kila neno sawasawa, wala asielewe lililokusudiwa. Katika Hisabati, "kipeo" na "kipeuo" hutofautiana kwa herufi moja tu; lakini kipeo cha pili huipandisha 9 ikawa 81, na kipeuo cha pili huishusha ikawa 3. Anayesoma mbiombio, kama tusomavyo hadithi, hataiona herufi hiyo.

Hata maneno mepesi yana mitego. Tuchukue swali hili: "Juma ana maembe 12. Ana maembe 5 zaidi ya Asha. Asha ana maembe mangapi?" Watoto wengi huliona neno "zaidi", wakajumlisha, wakaandika 17. Jibu ni 7. Kosa hili huandikwa katika daftari la Hisabati, na mtoto huambiwa kuwa hajui hesabu. Kwa hakika kujumlisha anajua. Lililomshinda ni kuona ni nani anayelinganishwa na nani. Ametiwa alama ya ujinga asiokuwa nao, na dawa anayopewa, yaani hesabu nyingi zaidi, siyo ya ugonjwa wake.

Historia nayo ina usomaji wake. Mapigano ya 1905 hadi 1907 yaitwayo Maji Maji, maofisa wa Kijerumani waliyaita uasi. Waandishi wengine huyaita vita vya ukombozi. Msomaji wa Historia hapana budi aulize ni nani aliyeandika, na kwa nini alichagua neno hilo. Swali hilo halimsaidii asomaye swali la maembe.

Fikra hii si ngeni. Katika Uingereza, kamati iliyoongozwa na Alan Bullock ilishauri mwaka 1975 kwamba kila shule iwe na utaratibu wa kukuza lugha katika masomo yote, na kila mwalimu ashiriki. Kwetu haja ni kubwa zaidi, kwa sababu kijana atokaye shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili hukuta masomo mengi ya sekondari yakifundishwa kwa Kiingereza. Aliyezoea kutafuta sharti, mlinganisho na sababu katika Kiswahili ana la kuanzia anapokabili lugha nyingine; asiyezoea hubeba mizigo miwili kwa pamoja.

Mwalimu wa Sayansi atasema: "Mimi si mwalimu wa lugha, na muhtasari wangu ni mrefu." Maneno yake yana haki. Lakini haombwi kufundisha ngeli. Anaombwa, kabla ya kusomesha ukurasa, atumie dakika chache kuonyesha maneno mawili au matatu yenye maana ya pekee; wakati wa kusoma, asimame penye sharti na kuuliza, "Lisipokuwapo hili itakuwaje?", na baada ya kusoma, awaache wanafunzi waeleze kwa maneno yao wenyewe, kwa mdomo au kwa maandishi. Hayo ni Sayansi yenyewe, wala si nyongeza.

Sehemu yetu sisi ni ipi? Tangu Kamati ya Lugha ilipoanzishwa mwaka 1930, juhudi kubwa imetumika kusanifisha lugha, kusahihisha vitabu na kuunda istilahi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hiyo yastahili heshima. Lakini istilahi ni matofali tu. Jinsi sentensi za Sayansi, za Hisabati na za Jiografia zinavyojengwa katika Kiswahili bado hatujaieleza vya kutosha kwa namna ambayo mwalimu wa shule ya msingi aweza kuitumia. Tukimlaumu mwalimu kwa kutofundisha jambo hilo, yatupasa kwanza tumwekee mezani maelezo yake.