Kabla kichwa hakijachafuka, shika kalamu!

MTU akianza kuongea peke yake barabarani, kijiweni wanamaliza kesi kwa neno moja: "Huyo wa Mirembe!" Nyumbani nako wanakaa kikao. Mjomba anasema lake, shangazi lake, jirani naye anachomekea. Mwenye kichwa chake haulizwi kitu.

Sasa sikia hii ya Vermont, kijimbo cha kaskazini mashariki mwa Marekani. Mwaka 1997 walikutana huko watu kama 30 waliowahi kuugua akili. Aliyewaongoza alikuwa Mary Ellen Copeland, mama ambaye naye kichwa kilishamsumbua sana: leo yuko juu mawinguni, kesho hata kitandani hatoki. Mama yake mzazi alilazwa miaka 8 kwa maradhi hayohayo, akatoka na kuendelea na maisha. Kwa hiyo usimwambie Mary Ellen kwamba ugonjwa huo hauna kurudi.

Wakaweka pamoja mbinu zao wakatengeneza mpango unaoitwa WRAP. Hauandikwi na daktari. Unauandika mwenyewe, tena ukiwa mzima.

Unaanza na vitu vinavyokutuliza: kutembea, muziki, kupiga stori na mshikaji. Halafu unaandika ukiwa mzima unakuwaje na kila siku ufanye nini ili ubaki hivyo. (Mimi nilijaribu, na hapo tu kalamu iligoma nusu saa. Hebu jaribu wewe!) Unafuata na mambo yanayokutibua, dalili za mwanzo, na dalili kwamba sasa mambo yanaharibika. Kwa mmoja ni usiku wa tatu bila usingizi, kwa mwingine ni kuacha kuoga. Kila dalili unaiwekea la kufanya.

Utamu wenyewe uko kwenye sehemu ya siku ya balaa. Hapo unataja ni kitu gani kikionekana wenzako washike usukani, na ni nani hao. Unataja pia nani asisogee kabisa, hata kama ni ndugu wa damu. Dawa ipi inakufaa, ipi inakudhuru, wapi upelekwe, nani awachukue watoto. Na wataonaje kwamba umepata nafuu, wakurudishie usukani wako. Yaani siku huwezi kujisemea, karatasi inakusemea. Ila nakala wape hao uliowataja. Ukiifungia kabatini haitamsaidia mtu.

Na si porojo. Kule Ohio watafiti waliwachukua wagonjwa 519, wengine wakafundishwa mpango huu, wengine wakabaki na huduma za kawaida wakisubiri zamu. Walimu walikuwa watu waliopona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha waliofundishwa walipungukiwa dalili zaidi na matumaini yao yakapanda zaidi.

Lakini jamani, asije mtu akatupa vidonge vyake eti kasoma gazetini! Daktari anabaki palepale. Kilichobadilika ni kwamba unakwenda kwake na karatasi yako mkononi.

Sehemu ya mwisho wengi wanaisahau: ukishatoka kwenye balaa. Kazi unaianza nusu siku au siku nzima? Nani umwombe radhi, nani umshukuru? Nani alale kwako wiki ya kwanza? Hayo nayo yaandikwe mapema, kichwa kikiwa bado kimetulia.