Je, Wajua? Hewa ya Eldoret Imejaa Siri Zako

Je, wajua kwamba mwaka 2007, huko Venezuela, mtaalamu Ermanno Pietrosemoli alirusha mawimbi ya Wi-Fi kutoka mlima hadi mlima, umbali wa kilomita 382? Sasa pima mwenyewe: kutoka hapa Eldoret hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 310. Halafu uniambie ukuta wa hosteli yako kule Annex umeifungia Wi-Fi yako ndani!

Ukuta wenyewe hausitiri sana. Mwaka 2013, Dina Katabi na Fadel Adib wa chuo cha MIT, Marekani, walitumia mawimbi ya Wi-Fi kumtambua mtu akitembea upande wa pili wa ukuta. Bila kamera, na mtu mwenyewe hakubeba kifaa chochote. Umesikia hiyo?

Eldoret ilipata hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, la tano nchini, na serikali ina mpango wa vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma kote Kenya, masokoni pia. Raha tupu! Lakini sogea karibu nikunong'oneze jambo kuhusu ile paswodi iliyobandikwa ukutani mkahawani. Je, wajua kwamba kwenye kinga ya WPA2, inayotumiwa na ruta nyingi, mtu mwenye paswodi hiyo hiyo akiinasa simu yako inapojiunga anaweza kufungua mawasiliano yako? Kitakachomzuia ni kufuli ya tovuti yenyewe, yaani https. WPA3, iliyotoka mwaka 2018, imeliziba tundu hilo. Ukienda kununua ruta, taja jina hilo dukani.

Na kufuli hiyo ya tovuti, unajua ilivyoenea? Mwaka 2010 kijana Eric Butler alitoa programu ya bure iitwayo Firesheep. Ukiwa mkahawani ulibofya mara mbili tu, na ukawa ndani ya akaunti ya Facebook ya mtu aliyeketi meza ya pembeni! Dunia ilishtuka. Kufikia 2013 Facebook ilikuwa imewawekea watumiaji wake wote kufuli ya https, na mwishoni mwa 2015 mradi wa Let's Encrypt ukaanza kuzigawa kufuli hizo bure kwa mwenye tovuti yeyote. Leo, katika kila kurasa 10 zinazofunguliwa kwa Chrome, zaidi ya 9 zina kufuli. Mimi naona hii ni mojawapo ya zawadi kubwa kuliko zote ambazo intaneti imewahi kutupa.

Ila shika hili: kufuli huficha ulichoandika, si mahali ulipokwenda. Mwenye mtandao mara nyingi bado huliona jina la tovuti.

Unasema wewe hutumia hali fiche ya kivinjari? Rafiki yangu, hiyo hufuta nyayo kwenye simu yako tu. Mwenye Wi-Fi anaona yale yale. Mwaka 2024, ili kumaliza kesi mahakamani, Google ilikubali kuharibu mabilioni ya rekodi zilizotokana na watu waliovinjari wakidhani wamejificha.

Je, wajua kwamba simu yako huutambua mtandao wa wazi kwa jina tu? Mtu akiipa ruta yake jina la mkahawa unaoupenda pale Uganda Road, simu inaweza kujiunga yenyewe bila kukuuliza. Mwaka 2015, mjini Sälen, Uswidi, mwanaharakati Gustav Nipe alifungua Wi-Fi ya bure kwenye mkutano wa usalama wa taifa. Wajumbe kama 100 wakajiunga, wanasiasa na wanajeshi wakiwemo! Hebu toa simu sasa hivi, ingia kwenye mipangilio, ufute majina ya mitandao ya zamani.

Na mapipa ya taka je? Mwaka 2013 jijini London, mapipa 12 yalikutwa yakihesabu simu za wapita njia kwa kunasa nambari zao za Wi-Fi. Nambari hizo zinaweza kufika trilioni 281, kwa hiyo kila kifaa hupata yake. Habari njema ni kwamba Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hubadilisha nambari hiyo kulingana na mtandao.

Jirani zetu Uganda walipoanza kutozwa shilingi 200 za kwao kwa siku kutumia mitandao ya kijamii, Julai 2018, wengi walikimbilia programu za VPN ili kuikwepa tozo hiyo. VPN huificha safari yako yote machoni pa mwenye Wi-Fi, lakini kampuni ya VPN yenyewe inaiona. Kwa hiyo chagua unayeiamini, usiokote yoyote ya bure.

Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2018 inamtishia mnasa mawasiliano bila idhini kwa faini ya hadi shilingi milioni 10, au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili. Na ukibonyeza *334# kutuma pesa kwa M-Pesa, ujumbe hupitia minara ya simu, haugusi Wi-Fi ya mkahawa hata kidogo. Ikague tu shingo ya jirani unapoandika PIN!

Hii sasa ishikilie kwa mikono miwili. Mwaka 2014 kampuni ya F-Secure iliweka Wi-Fi ya bure jijini London, na kwenye masharti ikaandika kwamba anayejiunga anamtoa mtoto wake wa kwanza, milele. Watu 6 wakabonyeza "Nakubali"! Kampuni ilitangaza baadaye kwamba haitawadai watoto hao.