Mchapishaji wa Michezo ya Video na Kupotea kwa Imani: Mfano wa Electronic Arts

Katika biashara ya michezo ya video neno "mchapishaji" halina maana ile ile iliyo nayo katika biashara ya vitabu, ingawa limetokana nayo. Mchapishaji wa vitabu akisha kukiuza kitabu, hana tena neno na msomaji wake. Mchapishaji wa mchezo wa video hutoa fedha za kuutengeneza, huutangaza, huuuza, na siku hizi huendelea kushika ufunguo wake hata baada ya mnunuzi kulipa, kwa kuwa michezo mingi huendeshwa kwa seva zilizo mikononi mwa kampuni. Basi uhusiano wake na mchezaji wafanana zaidi na ule wa mwenye nyumba na mpangaji wake kuliko wa mwenye duka na mteja, na ugomvi unaozuka kati yao haukomi siku ya kulipa. Makala hii yakusudia kueleza chanzo cha ugomvi huo, na kwa nini mara nyingine wenye hisa huungana na wachezaji na mara nyingine huwaacha peke yao. Mfano uliochaguliwa ni wa Electronic Arts, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Trip Hawkins katika California mwaka 1982.

Jina la kampuni hiyo lina historia yake. Hawkins alipenda watengenezaji wa michezo wahesabiwe kuwa wasanii, na michezo ya kwanza ya kampuni iliuzwa ndani ya majalada yaliyofanana na ya sahani za santuri, yenye majina ya waliotunga. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwa maana lawama za baadaye zilikuwa kali hasa kwa sababu kampuni ilikuwa imejipa jina la sanaa. Iliinunua studio ya Westwood mwaka 1998 ikaifunga mwaka 2003. Studio ya Pandemic iliyonunuliwa baadaye ilifungwa mwaka 2009. Na Visceral, iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa Star Wars, ilifungwa mwezi Oktoba 2017. Wachezaji wengi huyajua majina ya studio hizi kama washabiki wa mpira wajuavyo majina ya timu zilizovunjwa.

Mwezi Machi 2013 ulitolewa mchezo wa SimCity, ambao haukuweza kuchezwa pasipo intaneti. Seva zikazidiwa, na watu waliokwisha kulipa wakakaa siku kadhaa nje ya mlango wa kitu walichokinunua. Ilielezwa wakati ule kwamba mchezo ulijengwa kwa namna isiyoruhusu kuchezwa peke yake. Mwaka mmoja baadaye ukawezeshwa kuchezwa hivyo. Katika mwaka huo huo wa 2013, wasomaji wa tovuti moja ya watumiaji bidhaa huko Marekani waliipigia kampuni kura ya kuwa mbaya kuliko zote nchini mwao, kama walivyofanya mwaka 2012, na mara zote mbili ikaishinda Bank of America. Hukumu hiyo yaonekana imepita kiasi, kwa kuwa benki yaweza kumtoa mtu nyumbani kwake, na mchezo hauwezi. Lakini ukali wa kura waonyesha kwamba wachezaji hawakuwa wakilalamikia hasara ya fedha tu.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa mchezo wa Star Wars Battlefront II, uliotengenezwa na studio ya DICE ya Stockholm na kutolewa tarehe 17 Novemba 2017. Katika mchezo uliotangulia, wa mwaka 2015, nyongeza zilizokuja baadaye ziliuzwa kwa bei ya karibu na ya mchezo wenyewe, na walionunua wakatengwa na wasionunua. Safari hii kampuni iliahidi kwamba nyongeza zote zitatolewa bure. Pato lililopotea hapo lilikusudiwa kupatikana kwa visanduku vya bahati, yaani visanduku ambavyo mchezaji huvifungua pasipo kujua kilichomo. Angeweza kuvipata kwa kucheza muda mrefu, au kwa fuwele zilizouzwa kwa fedha halisi. Ndani yake zilikuwamo kadi zilizomwongezea nguvu mpiganaji. Kwa hiyo mtu aliyelipa dola 60 za bei ya mchezo aliweza kushindwa na mwingine, si kwa kuwa huyo ana mkono mwepesi au jicho kali, bali kwa kuwa alikuwa ameongeza fedha.

Zaidi ya hayo, mashujaa mashuhuri kama Luke Skywalker na Darth Vader walikuwa wamefungiwa. Kila mmoja aligharimu krediti 60,000 za mchezoni, na mchezaji mmoja alipiga hesabu akaona yahitajika kucheza kiasi cha saa 40 ili kumpata mmoja. Kampuni ilijibu kwamba shabaha ilikuwa kuwapa wachezaji fahari ya kufanikiwa. Jibu hilo lilipata zaidi ya kura 600,000 za kulikataa, likaingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Bei ya mashujaa hao ikapunguzwa kwa robo tatu, hata 15,000. Na usiku wa kuamkia siku ya kutolewa mchezo, uuzaji wa fuwele ukasimamishwa.

Kiswahili kina neno linalofaa sana kwa lawama hii: kupunjwa. Anayepunjwa hakuibiwa wala hakunyimwa. Amepewa kibaba, ila kibaba hakikujaa. Tena muuzaji wa zamani aliyetaka kupendwa alimwongezea mteja kidogo juu ya kipimo, naye aliiita hiyo nyongeza. Katika mchezo huu mambo yaligeuka: kipimo kilipunguzwa kwanza, kisha kilichopunguzwa kikauzwa kwa jina la nyongeza. Ndiyo sababu jibu la fahari liliwakasirisha watu kuliko bei yenyewe, maana aliyepunjwa akiambiwa kwamba amepunjwa kwa faida yake huona amepunjwa mara mbili.

Ugomvi wa majina uliendelea mbele ya wenye mamlaka. Mwezi Juni 2019, mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, mjumbe wa Electronic Arts, Kerry Hopkins, alikataa jina la visanduku vya bahati, akapendelea jina lenye maana ya utaratibu wa kushangaza, akafananisha na mayai ya chokoleti yenye kidude cha kuchezea ndani. Kwa mtaalamu wa lugha, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mshangao ni hisia ya mnunuzi. Bahati ni tabia ya kitu kinachouzwa. Aliyebadili jina aliyahamisha mazungumzo kutoka kwa kitu hadi moyoni mwa mtu. Katika Kiswahili tofauti ingesikika zaidi, kwa kuwa "kamari" lina harufu ya haramu na "bahati nasibu" halina, ingawa kitendo chaweza kuwa kimoja.

Nchi nazo zilihukumu kila moja kwa maneno ya sheria yake. Tume ya michezo ya bahati ya Ubelgiji iliamua mwezi Aprili 2018 kwamba visanduku vinavyolipiwa katika michezo kadhaa, FIFA 18 ukiwa mmojawapo, ni kamari. Na mwanzoni mwa 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Uholanzi iliitoza kampuni faini ya Euro milioni 10, lakini mwezi Machi 2022 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ikaifuta, ikisema kwamba pakiti za wachezaji si mchezo wa pekee bali ni sehemu ya mchezo wa mpira.

Sasa yafaa kuwatazama wenye hisa. Mwezi Novemba 2017 hisa za kampuni zilishuka kwa asilimia 8 na zaidi, na thamani yake sokoni ikapungua kwa dola bilioni 3 hivi. Wengi walisema kwamba wenye hisa wamewaunga mkono wachezaji. Walakini walichokiogopa ni kingine. Hawakuchukizwa na visanduku. Walichelea kwamba visanduku havitauzwa tena. Mchezo uliuza nakala milioni 9 hadi mwisho wa mwaka, pungufu ya milioni 10 zilizotarajiwa, na katika majira ya kiangazi ya 2018 hisa zilikuwa zimepanda juu kuliko kabla ya ghasia.

Kilichowatisha wenye hisa kweli kilikuja bila ghasia kubwa kama hiyo. Battlefield V ulicheleweshwa, kisha ukauza nakala milioni 7.3 hadi mwisho wa 2018, kiasi cha milioni moja chini ya makadirio. Na matokeo yalipotangazwa mwezi Februari 2019, hisa zikaanguka kwa zaidi ya asilimia 13 katika siku moja. Mwenye hisa hupima ahadi iliyotolewa kwake, si ile iliyotolewa kwa mchezaji. Ndiyo maana pakiti za mchezo wa mpira, zilizolaumiwa katika nchi nyingi, hazikuachwa: katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2021, sehemu hiyo, pamoja na zilizofanana nayo katika michezo mingine ya kampuni, iliingiza dola bilioni 1.6, zaidi ya robo ya mapato yote. Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, ambako vijana hulipia mechi moja moja ya mchezo huo huo, pakiti hizo hazina uzito, maana aliyeketi kwa mechi moja hana haja ya kujijengea timu ya kudumu.

Hata hivyo kampuni haikubaki pale pale. Mwezi Machi 2018 kadi za nguvu ziliondolewa katika visanduku vya Battlefront II na mashujaa wakafunguliwa kwa wote. Mwezi Novemba 2019 ulitolewa Star Wars Jedi: Fallen Order, wa mtu mmoja, usio na kisanduku wala fuwele, nao ukapita nakala milioni 10. Hakuna aliyetaka kuuita mchezo huo ushangazao.

Mwezi Septemba 2025 yalitangazwa mapatano ya kuiuza kampuni kwa dola bilioni 55 kwa mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia pamoja na Silver Lake na Affinity Partners, dola 210 kwa kila hisa. Mapatano hayo yalikusudia kuziondoa hisa katika soko la wazi, pamoja na bei ya kila siku ambayo kwayo ghasia ya 2017 ilipimwa. Sehemu ya fedha ya ununuzi, dola bilioni 20, ilikuwa ya mkopo.