Nyumba ya Vyumba Sita, Mafungu Saba

Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi siku ile sikushika jembe, kwani ugomvi wenyewe nilikuwa na tamaa nao.

Shangazi yangu alifariki dunia akaacha nyumba huku kwetu Ziwa la Ng'ombe. Ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma. Tena ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi hapa Mombasa. Jengo lilikuwa lake, uwanja ni wa mwingine. Kila chumba hukodishwa kwa shilingi 3,500 kwa mwezi, yaani 21,000 kwa vyote sita.

Marehemu hakujaaliwa mtoto, na wazazi wake walikwisha tangulia. Aliacha mume, na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mimi ni mwana wa kaka yao, ambaye naye ni marehemu.

Baada ya arobaini, na madeni kwisha lipwa, mume alitaja aya ya 12 ya Sura ya Wanawake, inayompa mume nusu ikiwa mkewe hakuacha mtoto. Akataka vyumba vitatu. Mashangazi wakataja aya ya 176 ya sura hiyo hiyo: dada wawili wana thuluthi mbili. Wakataka vyumba vinne. Tatu na nne ni saba, na nyumba ina sita! Wala hapakuwa na mwongo kati yao.

Tulimwendea maalim mmoja mzee. Alisikiliza, akacheka kidogo, akachukua chaki.

"Shauri lenu hili si geni," alisema. "Lilimfikia Sayyidna Umar."

Kwa hakika ndivyo. Katika ukhalifa wa Umar bin Khattab, kati ya mwaka 634 na 644, kesi ya namna hii hii ililetwa: mume na dada wawili. Umar hakujua amtangulize nani na amcheleweshe nani, akashauriana na masahaba. Wakaafikiana kwamba upungufu uwaangukie wote kwa kadiri ya mafungu yao. Hesabu hii huitwa auli. Mali iliyokuwa igawanywe kwa sita, hugawanywa kwa saba: mume matatu, kila dada mawili.

Maalim akaandika sakafuni: mume 9,000, kila dada 6,000. Mume, aliyetarajia 10,500, amepungukiwa sehemu moja katika saba. Dada, waliotarajia 7,000 kila mmoja, wamepungukiwa vivyo hivyo.

Mume hakuridhika upesi. Alisikia kwamba Ibn Abbas aliikataa auli, na kwa rai yake mume angebaki na nusu kamili, dada wakachukua kilichosalia. Maalim hakukana. Mashia wengi hawafuati auli hadi leo. Lakini madhehebu manne ya Kisunni yanaifuata, pamoja na ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu.

Wasomaji wasidhani mashaka haya ni ya Waislamu peke yao. Katika Talmudi ya Mayahudi kuna habari ya watu wawili walioshika nguo moja, mmoja akidai yote, wa pili akidai nusu. Wa kwanza hupewa robo tatu, wa pili robo, kwa kuwa nusu inayogombewa ndiyo tu igawanywayo sawa. Mwaka 1985 wataalamu Robert Aumann na Michael Maschler walionyesha kwamba kanuni hiyo hueleza migawanyo mingine ya Talmudi iliyokuwa imewatatiza wanazuoni karne nyingi. Nimeijaribu juu ya nyumba yetu, nikiwahesabu dada kama upande mmoja. Mume angepata 8,750, dada 12,250. Tofauti na auli ni shilingi 250 tu!

"Na mimi je, maalim?" niliuliza mwishowe.

"Wewe, mwanangu, ni asaba. Asaba hula kinachobaki. Hapa hata wenye mafungu hawakutoshelezwa."

Nilitoka mikono mitupu, na sikuona kwamba nimedhulumiwa. Kanuni ile ilikuwapo kabla shangazi hajazaliwa. Haikumjua mume wala dada, wala haikunijua mimi.

Leo mume anakaa katika chumba kimoja, na kodi yake huhesabiwa pamoja na nyingine. Kila mwisho wa mwezi shangazi mkubwa hugawa mafungu saba barazani. Lugha yetu bado ina maneno ya hesabu hiyo: sudusi, subui, thumni, tusui. Vijana wangapi wanayajua? Ni vyema wafundishwe mapema, wangali na wazee wa kuwauliza, si siku ya kugombea funguo.