Fahamu: Kwa nini Shakespeare asomwe pamoja na siasa za zama zake

Januari 2026 Kenya ilianza masomo ya Gredi ya 10, na fasihi ya Kiingereza ni somo la kuchagua. Mwanafunzi wa Itumbe, Kisii, ana haki ya kuuliza: tamthilia za London za miaka 400 iliyopita zinamhusu nini?

Je, zilihusu siasa?
Naam. Tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilitungwa mwaka 1599, Malkia Elizabeth I akiwa mzee asiye na mrithi aliyetangazwa. Ofisa wa malkia alikagua kila tamthilia kabla haijaigizwa. Februari 1601, wafuasi wa lodi mmoja, Earl wa Essex, walilipia onyesho la mchezo kuhusu Richard II, mfalme aliyeng'olewa madarakani. Kesho yake Essex aliasi. Alishindwa, akakatwa kichwa mwezi huohuo.

Afrika Mashariki ilizipokeaje?
Julius Nyerere, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi (The Merchant of Venice) mwaka 1969. Lakini jijini Nairobi, mwaka 1968, wahadhiri Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo chuoni, nyingine zifuate.

Tuzisomeje leo?
Walimu, anzeni na maswali haya: nani alitawala, nani aliogopa, nani alinyamazishwa? Mwanafunzi anayeyajibu kuhusu London ya 1601 atayauliza pia kuhusu nchi yake, na hiyo ndiyo faida kubwa ya somo hili.