Istilahi za Akili Unde katika Uchangishaji na Uendeshaji wa Asasi

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili ichunguzwe upya, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika lake la misaada, USAID, likaacha rasmi kutekeleza misaada hiyo. Asasi nyingi za Afrika Mashariki zilizokuwa zikiitegemea zililazimika kutafuta fedha kwingine, tena kwa haraka. Kutafuta fedha ni kazi ya maandishi: andiko la mradi, barua ya maombi, barua ya shukrani, taarifa ya utekelezaji. Katibu mmoja wa asasi ndogo hawezi kuyaandika yote hayo kwa wakati, na hivyo si ajabu kwamba wengi wameanza kuzitumia zana za kompyuta zinazotunga na kufasiri maandishi, kama vile ChatGPT, iliyotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022.

Zana hizi zimekuja na istilahi zake, na wafasiri wanaulizwa kila siku ziitweje kwa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya istilahi hizo na kuonyesha kwamba uteuzi wake si jambo la mapambo. Neno moja likiteuliwa vibaya laweza kumficha mtu anayepaswa kujibu pindi kosa linapotokea.

Jina la chombo

Dhana yenyewe ilipewa jina lake la Kiingereza na John McCarthy na wenzake katika pendekezo la mwaka 1955, lililotangulia mkutano wa kiangazi uliofanyika mwaka 1956 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani. Katika Kiswahili majina matatu yanashindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde.

Neno bandia lina sifa ya kueleweka na kila mtu. Upungufu wake ni kwamba msomaji hukumbuka mara moja noti bandia na dawa bandia, vitu vilivyotengenezwa ili kudanganya. Neno mnemba halina doa hilo, lakini wasemaji wengi hulijua zaidi kama jina la kisiwa kilicho kaskazini mashariki ya Unguja. Neno unde limetokana na kitenzi unda, kwa njia ile ile iliyotupa kiumbe kutokana na umba, na mtume kutokana na tuma. Maana yake ni kilichoundwa. Na kilichoundwa kina muundaji. Kwa sababu hiyo tutatumia akili unde katika makala haya, bila ya kuwahukumu wanaotumia majina mengine. Kompyuta nayo iliwahi kuitwa ngamizi, na mpaka leo huitwa pia tarakilishi; watumiaji wenyewe ndio wanaoamua mwishoni.

Vitenzi vina uzito kuliko jina

Jambo ambalo halizingatiwi vya kutosha ni vitenzi vinavyoambatana na jina hilo. Zana ya kutunga maandishi hutegemea modeli ya lugha. Modeli hiyo imejengwa kwa kupitishwa katika maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukadiria neno gani laelekea kufuata maneno yaliyotangulia. Haitafuti ukweli kwenye jalada la asasi isipokuwa ipewe jalada hilo, na hata ikipewa yaweza kukosea.

Kwa hiyo yafaa tuseme kwamba zana imekadiria, imetunga au imependekeza. Haifai tuseme kwamba imethibitisha, imeamua au imejua. Tuchukue mfano wa taarifa inayopelekwa kwa mfadhili: "Mfumo umeamua kwamba kaya 40 ziondolewe katika orodha ya mgao." Sentensi hii ni sahihi kisarufi, lakini imemtoa mwenye dhamana. Sentensi yenye uwajibikaji ingekuwa hivi: "Kamati imeziondoa kaya 40 katika orodha ya mgao, baada ya kupitia makadirio ya mfumo." Hapo mjane aliyekosa mgao anajua ampelekee nani malalamiko yake. Kauli ya kutendwa ina hatari hiyo hiyo, kwani tukisema "kaya ziliondolewa" hatujamtaja mtenda.

Dhana nyingine inayosumbua ni ile ya zana kutoa jambo lisilokuwapo, kama vile takwimu isiyo na chanzo au kitabu kisichoandikwa, kwa lugha fasaha yenye kushawishi. Waingereza wameazima neno la tiba linalomhusu mgonjwa aonaye visivyokuwapo, na baadhi ya wafasiri wakafuata kwa kusema maruweruwe. Sisi twaona neno uzushi linafaa zaidi. Ni kweli kwamba mzushi wa kibinadamu hukusudia, na mashine haina kusudi. Hata hivyo, msomaji akiambiwa kwamba andiko lina uzushi atakwenda kulichunguza. Akiambiwa lina maruweruwe huenda akacheka tu.

Maneno ya uchangishaji

Katika uwanja huu lugha yetu si maskini. Kutokana na mzizi mmoja tunapata kuchanga, yaani kutoa sehemu yako. Kuchangia, yaani kutoa kwa ajili ya jambo fulani. Na kuchangisha, yaani kuwafanya wengine watoe. Mtoaji ni mchangiaji, anayewahimiza watoaji ni mchangishaji, kitolewacho ni mchango, na kazi yenyewe ni uchangishaji. Kila aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi anazielewa tofauti hizi.

Hata hivyo, katika tafsiri zinazotoka kwenye zana bila ya kupitiwa, aghalabu neno mfadhili hutumiwa kwa kila atoaye. Mfadhili ni yule anayegharimia mradi kwa makubaliano na masharti. Mhisani hutoa kwa wema wake bila ya kudai taarifa. Mchangiaji ametoa sehemu yake pamoja na wengine. Mama wa sokoni aliyetoa shilingi 2,000 kwa ajili ya madawati, akipelekewa barua inayomwita mfadhili, ataona amekejeliwa. Akiitwa mchangiaji ataona kwamba madawati yale ni yake pia.

Mfano mwingine ni jina la asasi zenyewe. Shirika lisilo na faida, kwa masikio ya Mswahili, ni shirika lisilofaa kitu. Kinachokusudiwa ni shirika ambalo halikuundwa ili wanachama wagawane faida. Tunapendekeza shirika lisilolenga faida. Wala istilahi hii isichanganywe na shirika lisilo la kiserikali: hospitali ya umma hailengi faida, lakini ni ya serikali.

Mfasiri aangalie pia jinsi. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika nafsi ya tatu, bali Kiingereza hutofautisha. Sentensi "Mnufaika alipata cherehani, akafungua duka" ikipelekwa Kiingereza huenda ikailazimisha zana kuchagua, nayo huchagua kwa kufuata mazoea ya maandishi iliyoyapitia. Mnufaika mwanamume aweza kufika kwa mfadhili akiwa mwanamke, na hesabu ya taarifa nzima ikaharibika.

Maneno ya uendeshaji

Ofisini zana hizi hutumika kufupisha kumbukumbu za mikutano, kupanga stakabadhi na kuandaa orodha za wachangiaji. Maelezo anayoandikiwa mashine ili ifanye kazi tunapendekeza yaitwe agizo, kwa kuwa agizo lina mwagizaji. Katibu akibandika katika agizo lake majina ya watoto yatima au ya watu wanaoishi na VVU, ameyatoa mikononi mwa asasi, na aghalabu yamekwenda kwenye mitambo iliyo nje ya nchi.

Hapa istilahi zinagusana na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi, na zinazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mfasiri wa mwongozo wa zana asiridhike basi na kuandika "ingiza maelezo hapa". Maneno "taarifa binafsi zisiingizwe hapa bila ya idhini ya mwenyewe" ni marefu zaidi, lakini humkumbusha katibu kwamba taarifa zina mwenyewe.

Muhtasari wa istilahi zinazopendekezwa

Akili unde: uwezo ulioundwa katika kompyuta wa kufanya kazi ambazo kwa kawaida huhitaji akili ya mtu.
Modeli ya lugha: mfumo unaokadiria maneno kutokana na maandishi mengi uliyoyapitia.
Agizo: maelezo ambayo mtumiaji huiandikia zana ili itende jambo.
Uzushi: jambo lisilo kweli lililotungwa na zana kana kwamba ni kweli.
Uchangishaji: kazi ya kuwahimiza watu watoe michango kwa ajili ya jambo fulani.
Shirika lisilolenga faida: shirika ambalo halikuundwa ili wanachama wagawane faida.

Haya ni mapendekezo, na wasomaji wanakaribishwa kuyakosoa. Tunaloshikilia ni moja tu: asasi hukusanya fedha kwa kuaminiwa, na imani hiyo hubebwa na maneno. Mwalimu, mfasiri au mtumishi wa serikali anayepitia andiko lililotungwa kwa zana hizi na ajiulize, katika kila sentensi, ni nani aliyetenda. Kama jibu halionekani, sentensi hiyo haijawa tayari kutiwa sahihi.